Springi za Trela: Hesabu ya Barabara Kabla ya Bei ya Duka

Trela la ekseli tatu lenye tani 24 juu ya ekseli zake lina tani 8 kwa kila ekseli, na kama tairi ni 12, kila tairi limebeba tani 2. Hiyo ni hesabu ya trela lililosimama. Likianza kwenda, zile tani 8 hupanda na kushuka mara kadhaa kila sekunde, na kinachoamua zinapanda kiasi gani ni kile ambacho wanunuzi wengi hukitazama mwisho, baada ya rangi, tairi na bei. Nacho ni springi.

Izki, mji wa mkoa wa Dakhiliyah nchini Oman, ni mahali pazuri pa kuifanyia hesabu hii. Malori yanayotoka Maskati na kupanda kupitia bonde la Sumail hupita hapa kabla ya kufika Nizwa. Njia ya kwenda Sinaw na Sharqiyah inachepuka hapa. Kusini kuna Manah na Adam, na ukishaipita Adam unaingia jangwa mpaka Haima, Thumrait na hatimaye Salalah. Kwa hiyo mwenye lori wa Izki anaweza kupata kazi mbili zisizofanana hata kidogo: kwenda Salalah kwa lami tupu, zaidi ya kilomita 800 kwa upande mmoja, au kuingia visimani, kule Fahud ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 1964 na sehemu nyingine kama hizo, kwa barabara ya changarawe iliyopitishwa greda. Trela moja haliwezi kuwa bora kwa kazi zote mbili. Anayekwambia linaweza, anataka kuliuza.

Aina zinazouzwa kwa wingi ni tatu. Kuna springi za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa juu ya vingine, ekseli zikiunganishwa kwa mikono ya kusawazisha ili zigawane uzito. Kuna bogi nzito ya chuma, yenye springi nene na mhimili wa katikati, ambayo imeundwa kwa machimbo na majangwa. Na kuna springi za hewa, ambapo mzigo unakaa juu ya mipira sita iliyojazwa upepo na kompresa ya kichwa, huku shokapu zikizuia mdundo. Ya nne, ya haidroliki, ni ya matrela ya transfoma na mitambo mikubwa. Anayeihitaji ana mhandisi wake, kwa hiyo naiacha.

Tuanze na mdundo, kwa sababu humo ndimo gharama zilimojificha. Kasi ya kudunda hutegemea springi inabonyea kiasi gani ikibeba mzigo. Springi ya chuma inayobonyea sentimita 2.5 hudunda kama mara 3.2 kwa sekunde. Springi laini inayofanya kazi kama iliyobonyea sentimita 10 hudunda mara 1.6 tu. Hewa iko karibu na namba hii ya pili, na chuma kizito kiko karibu na ile ya kwanza. Umoja wa Ulaya ulipotunga masharti ya springi zinazohesabiwa kuwa sawa na za hewa, ulitaka mdundo usizidi mara 2 kwa sekunde na shokapu ziuzime haraka. Zawadi yake iko kwenye uzito: kwa kichwa chenye ekseli mbili za nyuma na tairi pacha kwenye ekseli inayosukuma, kiwango cha ekseli hizo kinapanda kutoka tani 18 hadi 19. Australia nayo, tangu mwaka 1999, imeruhusu matrela ya ekseli tatu yenye springi zisizoumiza barabara kubeba tani 22.5 badala ya 20, kwenye njia zilizoidhinishwa. Serikali hizo zisingetoa tani hizo kwa ukarimu. Zilifanya hesabu ya lami.

Hesabu yenyewe ilitoka Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, malori yalipozungushwa kwenye vipande vya barabara vya majaribio mpaka vikaharibika. Kilichoonekana ni kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ongeza uzito kwa asilimia 10, uharibifu unaongezeka kwa asilimia 46. Ongeza asilimia 20, uharibifu unazidi maradufu. Sasa weka mdundo ndani ya hesabu hiyo. Ikiwa uzito wa ekseli unayumba kwa wastani wa asilimia 20 juu na chini, barabara inaumia kwa asilimia 24 zaidi ya vile ingeumia chini ya mzigo uliotulia. Ukiyumba kwa asilimia 10, nyongeza ni asilimia 6. Mzigo ni uleule, dereva ni yuleyule, ila springi ni tofauti. Na usidhani hasara hiyo ni ya serikali peke yake: nguvu inayoipiga lami inarudi kwenye tairi, bushi, chesisi na taa zako.

Wenye malori wengi wanasahau safari ya kurudi. Trela likiwa tupu, uzito juu ya springi unaweza kushuka hadi robo. Springi ya chuma iliyokuwa ikibonyea sentimita 2.5 sasa inabonyea milimita 6 tu, na mdundo unapanda kutoka mara 3.2 hadi zaidi ya mara 6 kwa sekunde. Ndiyo maana trela tupu la springi za majani hupiga kelele njia nzima na tairi zake hulika kwa mabaka. Springi ya hewa haina shida hiyo: valvu ya kimo inapunguza upepo mzigo unapopungua, springi inakuwa laini zaidi, na mdundo unabaki karibu palepale. Kwa anayepeleka mzigo Salalah na kurudi mikono mitupu, nusu ya kilomita zake zote zinaangukia hapa.

Sasa fedha. Namba za bei zinazofuata ni za mfano, nimezichagua ili uone hesabu inavyokwenda. Weka zako badala yake. Bei ya dizeli si ya mfano: Novemba 2021 Oman iliiwekea dizeli kikomo cha baisa 258 kwa lita. Tuseme lori linafanya safari 60 kwa mwaka za kwenda na kurudi, jumla kilomita 100,000, nusu na mzigo na nusu tupu. Likiwa na mzigo linakula lita 40 kwa kilomita 100, likiwa tupu lita 28. Hiyo ni lita 34,000 kwa mwaka, au riali 8,772.

Trela la hewa linaweza kuwekewa ekseli ya kuinuliwa likiwa tupu. Tuseme kuinua huko kunapunguza asilimia 3 ya dizeli ya safari tupu: lita 420, riali 108. Tairi 12 kwa riali 70 kila moja, zikidumu kilomita 100,000, ni riali 840 kwa mwaka. Nne kati yake zikipumzika nusu ya mwendo, umeokoa thamani ya tairi mbili, riali 140. Jumla ni riali 248 kwa mwaka, riali 1,240 kwa miaka mitano. Kama muuzaji amekuongezea riali 1,200 kwa sababu ya hewa, ekseli ya kuinua peke yake imezirudisha. Matengenezo yanakaribiana: mipira sita kwa riali 30, shokapu sita kwa riali 20 na valvu za riali 60 ni riali 360 katika miaka hiyo mitano, na upande wa chuma nao una bushi, boliti za U na majani yaliyokatika.

Mpaka hapa hewa inaongoza, lakini ongeza namba moja tu. Tuseme siku moja ya lori kusimama inakugharimu riali 80. Siku tatu za kusimama kwa mwaka ni riali 240, karibu faida yote ya ekseli ya kuinua. Kwa hiyo swali zito kuliko bei ni hili: springi yako ikiharibika, itaharibikia wapi, na nani atakutengenezea?

Kwenye barabara ya greda jibu linageuka. Changarawe iliyopitwa na malori mengi hujikunja kuwa rasta. Rasta zikiwa zimepishana sentimita 75, na lori likienda kilomita 36 kwa saa, tairi linapigwa mara 13 kila sekunde. Mdundo huo ni wa ekseli yenyewe, si wa bodi, na springi laini haitoshi kuuzima. Kazi inabaki kwa shokapu, nazo huchemka. Joto la kiangazi likipita nyuzi 45, shokapu inayofanya kazi hiyo kwa muda mrefu inaweza kupoteza mafuta yake, na ikishakufa mpira wa hewa haudumu nyuma yake. Jiwe likipenya kati ya mpira na chuma chake, umekwisha. Mbele yako kuna mchanga na nyuma kuna mchanga. Bogi ya chuma hukwambia mapema kuwa inaumwa, na jani moja likikatika mara nyingi unaweza kujikokota mpaka gereji. Ila usimruhusu fundi alichomelee jani lililokatika: chuma cha springi kikichomwa hupoteza ugumu wake, na kitakatika tena pembeni ya weldi.

Bogi nayo ina gharama yake, na ni uzito. Tuseme trela la bogi ni zito kwa kilo 400 kuliko la hewa. Kwa safari 60 hizo ni tani 24 ambazo hukuzibeba kwa malipo, karibu safari nzima ya mzigo kila mwaka. Anayelipwa kwa tani aiweke namba hiyo mbele ya macho yake. Anayelipwa kwa siku, kama wengi wanaohamisha vifaa vya visima, haimgusi sana.

Mzigo wenyewe pia una neno. Karibu na Izki, kule Manah, mitambo miwili ya umeme wa jua ya megawati 500 kila mmoja ilizinduliwa mwaka 2025. Kioo cha paneli hakitaki mdundo wa mara 6 kwa sekunde, na mzigo wa aina hiyo mimi nisingeuweka juu ya chuma hata kwa bei nafuu. Mawe na mchanga wa ujenzi havivunjiki, na bogi inavifaa. Kwa tipa la hewa, dereva afundishwe kutoa upepo kabla ya kuinua bodi, maana trela lililosimama juu ya mipira iliyojaa linaweza kuyumba na kulala ubavu.

Wapo ndugu zetu wa Dakhiliyah wanaonunua huku kwa ajili ya jamaa wa Tanzania, Burundi au Kongo. Kwao mizani ndiyo hakimu. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa kundi la ekseli mbili zenye tairi pacha na 24 kwa kundi la ekseli tatu zenye tairi pacha. Kichwa cha ekseli tatu na trela la ekseli tatu ni tani 50, na gari lolote halitakiwi kupita 56. Hakuna springi inayokuongezea kilo hapo. Oktoba 2013, John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, alipoiondoa nafuu ya asilimia 5 kwenye mizani, wasafirishaji waliegesha malori mpaka Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati. Asilimia 5 inaonekana ndogo. Kwa kundi la tani 24 ni tani 1.2, na kwa kipeo cha nne ni asilimia 22 ya uharibifu zaidi. Upande wa barabara, Magufuli alikuwa na hesabu sahihi.

Ekseli zinazogawana mzigo vibaya zinaumiza hata ukiwa ndani ya sheria. Kundi la tani 24 lililogawanyika 9, 8 na 7, kwa sababu kichwa kiko juu mno na trela limeinamia nyuma, litapita mizani bila neno. Lakini ekseli ya tani 9 inaumiza barabara kwa asilimia 60 zaidi ya ile ya tani 8, na tairi zake ndizo zitakazopasuka kwanza. Mipira ya hewa imeunganishwa kwa bomba, hivyo presha hujisawazisha. Springi za majani hutegemea mikono yake, na mikono hiyo ikikaukiwa na grisi haisawazishi kitu.

Hukumu yangu ni hii. Kama kilomita zako tisa kati ya kumi ni lami, Salalah, Sohar au Maskati, nunua hewa yenye ekseli ya kuinuliwa, na chini ya kiti cha dereva weka mpira mmoja wa akiba wenye namba ileile ya mfano. Riali 30 hizo zinakukinga na siku nzima ya kusimama. Kama zaidi ya robo ya kilomita ni greda, nunua chuma, na boliti za U zikazwe upya baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Ukiwa katikati, angalia gereji iliyo karibu na njia yako ina vipuri vya aina gani, ufuate hivyo.

Na kabla hujalipa, mtake muuzaji karatasi ya mizani ya trela likiwa tupu. Akikosa, lipeleke mwenyewe likapimwe, ekseli moja moja, tupu kisha na mzigo.