Msamiati wa Wauguzi Kwenye Kompyuta: Upi wa Bure, Upi wa Kulipia?

Muuguzi wa mchana ameandika "kidonda cha kulalia", mwenzake wa usiku "ngozi ya kiunoni imechubuka". Mtu ataelewa ni jambo moja. Kompyuta itahesabu mawili, na hospitali atakakopelekwa mgonjwa haitajua ifuate lipi. Dawa yake ni msamiati sanifu wenye misimbo. Kabla ya kununua mfumo wa kumbukumbu, linganisha misamiati hii.

Omaha System. Ulianzia miaka ya 1970 kwa wauguzi wa majumbani mjini Omaha, Marekani. Una matatizo 42 tu, na maendeleo ya mgonjwa hupewa alama 1 hadi 5. Hauna ada ya leseni, na umeoanishwa na SNOMED CT, msamiati unaoelezwa hapa chini. Unafaa zaidi huduma za nyumbani na za jamii.

NANDA-I, NIC na NOC. Utambuzi, afua na matokeo, kwa mpangilio huo. Wauguzi wengi wamezisoma chuoni, kwa hiyo mafunzo hupungua. Gharama iko kwenye leseni: kuziingiza kwenye programu hulipiwa, na NANDA-I ina mmiliki wake mbali na wa NIC na NOC. Hata kuzitafsiri kwa Kiswahili kunahitaji kibali.

SNOMED CT. Ina dhana zaidi ya 350,000 zinazowahudumia madaktari na wauguzi pamoja. Katika nchi zilizo wanachama wa shirika linaloisimamia, kama Uingereza, taifa ndilo hulipa ada. Nchi za kipato cha chini zimesamehewa. ICNP, msamiati wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, sasa hutolewa humo. Ukubwa wake ndio kikwazo: bila orodha fupi iliyochujwa, muuguzi atapotea.

LOINC. Ni ya bure. Hutaja kilichopimwa, mathalani kiwango cha maumivu, lakini haitoi mpango wa huduma. Itumie pamoja na msamiati mwingine.

Leseni ya bure haimaanishi kazi ya bure. Kuoanisha maneno ya zamani na misimbo, kufundisha watumishi na kufuata matoleo mapya huchukua miezi ya mishahara. Mwulize muuzaji wa programu: leseni inalipwa na nani? Tukihama, data itatoka na misimbo yake?

Kwa huduma za jamii zenye bajeti ndogo, anza na Omaha. Hospitali inayopokea na kutoa rufaa ichague SNOMED CT na LOINC. NANDA-I, NIC na NOC zilipiwe pale tu ambapo wauguzi tayari wanapanga huduma kwa lugha hiyo.