Mamba wa Kutumwa: Imani za Uchawi na Mashambulizi ya Mamba Kandokando ya Mto Mara katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Makala haya yanafafanua namna shambulio la mamba, ambalo kwa asili yake ni tukio la kiikolojia, linavyogeuka kuwa tuhuma ya uchawi katika vijiji vya Mto Mara. Mto huo huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita Masai Mara na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha hutiririka kati ya vijiji vya Tarime upande wa kaskazini na vya Serengeti upande wa kusini kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Ndani ya hifadhi, watalii huja kutazama nyumbu wakivuka. Nje ya hifadhi, mto huohuo ndio kisima, mahali pa kufulia na pa kunyweshea ng'ombe. Mpaka wa hifadhi haumzuii mamba.

Mamba wa Mto Nile, ambaye ndiye anayepatikana Mara, huwinda kwa kuvizia. Hujizamisha akibakiza macho na pua tu, na anaweza kukaa muda mrefu bila kula. Mahali ambapo watu huteka maji kila asubuhi, kwa saa zilezile, ni mahali pazuri pa kuvizia. Anapokamata, huvuta windo majini na kujiviringisha, kwa kuwa meno yake hayawezi kutafuna. Yote hayo hutokea kwa muda mfupi mno, na pengine mwili hauonekani tena. Familia hubaki na ndoo ukingoni na msiba usio na kaburi.

Hapo ndipo swali la pili linapozaliwa. Wanawake watatu wameteremka mtoni pamoja. Kwa nini amechukuliwa huyu na si wale wawili? Evans-Pritchard, katika utafiti wake kuhusu Waazande uliochapishwa mwaka 1937, alionesha kwamba ghala linapomwangukia mtu, Mzande anajua fika kuwa mchwa ndio waliokula nguzo. Asichokubali ni kwamba ghala lilianguka dakika ileile mtu huyo alipokuwa chini yake bila sababu. Mkazi wa Mto Mara naye hahitaji kufundishwa kwamba mamba huua. Elimu ya wanyamapori inayoishia kumweleza hivyo inajibu swali ambalo hakuliuliza.

Lugha yenyewe hubeba fikra hiyo. Husemwa kwamba mtu "amechukuliwa" na mamba, nadra kusemwa "ameuawa". Na mamba mwenyewe huelezwa kuwa "wa kutumwa". Kitenzi kutuma kinadai mtendaji. Mara tu neno hilo linapotamkwa msibani, nafasi ya mtumaji imeshafunguliwa, na lazima apatikane mtu wa kuijaza. Katika Kikurya mtu huyo ni omorogi, mchawi. Kwa kawaida hatafutwi mbali: ni jirani mliyegombana naye mpaka wa shamba, mke mwenza, au ndugu mnayedaiana ng'ombe wa mahari. Dalili zinazotajwa nazo hufanana: mamba aliwaacha mbuzi akamkamata mtu, au alimwachia marehemu bila kumla. Kwa mtaalamu wa wanyama dalili hizo hazina ajabu. Mamba hukamata kilicho karibu, na huachia anapopigiwa kelele au kurushiwa mawe. Lakini msibani, anayesema hivyo huonekana hana uchungu.

Uzito wa tuhuma hutegemea ngazi inayoipokea. Jamii ya Wakurya ina inchama, baraza la siri la wazee, na iritongo, mkutano wa hadhara wa wanajamii. Jambo linaloishia kwa wazee huweza kupoozwa. Likifika hadharani pamoja na vijana wenye hasira, mtuhumiwa huwa hatarini kupoteza nyumba yake, au hata uhai wake. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza mwaka 1928 na ambayo leo ni Sura ya 18, haijafaulu kuziba pengo hilo, kwa kuwa mahakama hudai ushahidi na msiba haungoji ushahidi.

Kuna sheria nyingine isiyozungumzwa sana msibani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inatambua malipo kwa waathirika wa wanyama hatari, na kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa. Si fidia, na jina lenyewe linakiri hivyo. Hata hivyo, ili malipo hayo yapatikane, taarifa lazima itoke kijijini na kumfikia ofisa wanyamapori wa wilaya, nayo itaje mnyama. Familia inayoamini kwamba muuaji ni binadamu haina haraka ya kuandikisha kuwa muuaji ni mamba. Siku za mwanzo hupita kwa mganga.

Ofisa asipopata taarifa, hakuna anayekuja kumfuatilia mamba huyo wala kupima kama pahali hapo pa kuteka maji panafaa kuzungushiwa uzio au kuhamishwa. Mtuhumiwa ameshafukuzwa kijijini, na asubuhi inayofuata wanawake huteremka na ndoo zao kwa njia ileile.