Kuitunza Pikipiki

Mabalako iko katika nchi ya Beni, Kivu ya Kaskazini, upande wa mashariki wa Kongo. Watu wake hulima kakao, kahawa, mihogo, ndizi na mpunga. Mashamba mengi yako mbali na soko, na njia ni za udongo. Motokaa kubwa haiwezi kupita kila mahali. Kwa hiyo karibu kila kitu husafiri juu ya pikipiki: mifuko ya kakao, madumu ya mawese, mabati, mbuzi, wanafunzi, hata Padre aendaye kusoma Misa katika vigango. Wenyeji huiita pikipiki pia moto. Na mgeni wa pwani hushtuka asikiapo kwamba mtu fulani amefika kwa moto.

Pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1885 na Gottlieb Daimler pamoja na mwenzake Wilhelm Maybach. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao, na magurudumu yake ya mbao pia. Mtoto wa Butembo angaliiona, angalidhani ni chukudu iliyotiwa injini. Tangu siku zile chuma kimechukua mahali pa mti, lakini haja za injini ni zile zile tatu: mafuta, cheche na hewa. Kimoja kikikosekana, injini hunyamaza.

Basi, mpanda pikipiki ametoka Mabalako jioni, amempakia mama mwenye uchungu wa kuzaa, naye ampeleka hospitali mjini Beni. Katikati ya njia injini yazima. Huku msitu, na huku msitu. Tena katika nchi ya Beni watu wenye silaha wamewaua wanavijiji wengi tangu mwaka 2014. Si mahali pa kusimama gizani. Mpanda pikipiki asiyejua kitu hupiga kiki mara hamsini mpaka mguu wachoka, kisha hupiga simu kumwita fundi aliye mbali. Yule ajuaye hashughuliki hivyo. Huanza na mafuta, huendelea na cheche, humaliza na hewa.

Chini ya tangi kuna bomba dogo lenye kifungulio cha njia tatu: kufungua, kufunga, na akiba. Mara nyingi dawa yote ni kugeuza kifungulio mpaka kwenye akiba, na safari yaendelea. Lakini mvivu aliyekiacha kwenye akiba tangu asubuhi hana akiba tena.

Pengine petroli imo, nayo ni mbaya. Vijijini petroli huuzwa kando ya njia katika chupa na madumu. Mvua huingia, au dumu halikukaushwa vizuri, au muuzaji ameongeza maji ili apate faida. Maji na petroli havichanganyiki. Maji ni mazito zaidi, kwa hiyo hukaa chini, na petroli huelea juu yake. Mnunuzi mwenye akili huitazama chupa kwenye mwanga wa jua kabla ya kulipa. Akiona mstari karibu na kitako, na chini ya mstari kitu cheupe kisicho na rangi ya petroli, hayo ni maji. Akiwa hana budi kuinunua kwa sababu hakuna nyingine, huiacha chupa itulie, humimina polepole, na kile cha chini hakimimini.

Maji yakiisha kuingia katika tangi, hushuka mpaka kwenye kabureta. Hicho ndicho chombo kinachochanganya petroli na hewa. Chini yake kuna kikombe kidogo, na kwenye kikombe hicho kuna skurubu. Mpanda pikipiki huingoja injini ipoe, huweka kopo chini, hulegeza skurubu, naye huacha mafuta yatoke mpaka yawe safi. Kazi hii haichukui dakika tano. Lakini ikifanywa usiku, imulikwe kwa tochi tu. Mshumaa na kibatari vikae mbali kabisa, kwa maana petroli hutoa mvuke usioonekana, na mvuke huo huenda kuutafuta moto kabla petroli yenyewe haijaufikia. Wengi wameungua hivyo, na watoto waliosimama karibu kutazama wameungua pamoja nao.

Mafuta yakiwa mazuri, zamu ya cheche. Cheche hutoka kwenye plagi, ambayo Wakongo huiita buji. Plagi ikifunguliwa husema habari za injini nzima. Ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeusi kama masizi makavu, injini yapata petroli nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeusi tena yang'aa kwa mafuta mazito, oili yapenya mahali isipotakiwa, na kazi hiyo ni ya fundi. Ikiwa nyeupe, injini yapata joto kupita kiasi. Ikiwa imelowa petroli tu, ni kwa sababu ya kiki nyingi mno. Hukaushwa kwa kitambaa, husuguliwa taratibu kwa brashi, hurudishwa mahali pake. Ikazwe kwanza kwa vidole, ndipo kwa spana. Akianza na spana ataharibu nyuzi za chuma cha injini, na hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya plagi kumi.

Hewa hupita katika chujio. Wakati wa kiangazi vumbi la njia hulijaza, nayo injini hukohoa kama mtu aliyezibwa pua. Chujio la sponji hufuliwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kivulini, hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. Chujio la karatasi halifuliwi. Hupigwapigwa vumbi litoke, na likichakaa hununuliwa jipya. Wako wapanda pikipiki wanaolitupa chujio kabisa, wakisema pikipiki yapata nguvu. Ni kweli, yapata nguvu kwa siku chache, kisha mchanga huila injini kwa ndani kama mchwa alavyo nguzo.

Mnyororo nao wataka macho kila siku. Ukisukumwa kwa kidole katikati, uchezecheze sentimita 2 au 3. Ukikazwa mno, huvuta vibaya na kukatika. Ukilegea mno, huruka kwenye meno, na pengine hujifunga katika gurudumu la nyuma. Hapo pikipiki husimama ghafula, na abiria huenda mbele bila pikipiki. Matope ya njia husaga mnyororo, kwa hiyo hupigwa brashi, hukaushwa, ndipo hupakwa oili safi. Oili chakavu iliyotolewa katika injini haifai sana. Ndani yake mna vumbi la chuma, na vumbi hilo lafanya kazi ya msasa. Mnyororo ukikatika njiani, huunganishwa kwa kiungo cha akiba chenye kibanio. Upande wa kibanio uliofumba ndio utangulie katika mwendo wa mnyororo. Ukiwekwa kinyume, kibanio huchomoka.

Siku ya kuosha pikipiki mtoni, watoto hupenda kusaidia. Wasaidie, lakini injini iwe imezimwa. Mwenye kushika kitambaa kwenye mnyororo unaozunguka hunaswa, na meno ya chuma hukata kidole mara moja.

Tairi likitoboka, kiraka peke yake hakitoshi. Kwanza mpira wa ndani hujazwa upepo na kutiwa majini. Mapovu huonyesha tundu. Kisha tairi lenyewe hupapaswa ndani kwa uangalifu, maana mwiba au msumari ungali humo, nao utatoboa tena kabla ya kufika kilima cha pili. Mahali pa tundu husuguliwa kwa msasa, hupakwa gundi, nayo gundi huachwa ikauke kidogo ndipo kiraka kikandamizwe. Wenye haraka hawangoji, na kiraka chao huvuka nao kijiji kimoja tu.

Njia ya kutoka Butembo kwenda Beni hushuka milima mingi. Wako wanaozima injini mteremkoni ili kuhifadhi petroli. Hiyo ni akiba mbaya. Injini iliyo katika gia ya chini huizuia pikipiki. Injini ikizimwa na gia kutolewa, breki peke yake hubeba mzigo wote, hupata joto, nayo hupoteza nguvu zake katikati ya mteremko, penye mfuko wa kakao nyuma na kona mbele.

Kiti nacho kina habari yake. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeonekana Mangina, katika eneo la afya la Mabalako. Ulidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020, ukaua watu zaidi ya 2,200. Wagonjwa wengi walifika zahanati kwa pikipiki, wakiwa wamemwegemea dereva. Kwenye vizuizi vya njia wapanda pikipiki na abiria walishuka, wakanawa mikono, wakapimwa homa. Tangu hapo mpanda pikipiki mwangalifu, akiisha kumbeba mgonjwa aliyetapika au kutoka damu, hakipangusi kiti kwa mkono mtupu. Huvaa glavu, hukiosha kwa maji yenye klorini, naye hunawa kabla ya kumpakia mtu mwingine.

Chini ya kiti hicho pana nafasi ndogo. Humo hukaa spana ya plagi, bisibisi, koleo, plagi moja ya akiba, kiungo cha mnyororo, gundi na viraka, kipande cha msasa, waya mmoja wa klachi, na kipande cha sabuni. Pampu ya mkono hufungwa kwa mpira ubavuni, na tochi hukaa katika mfuko wa koti, mahali ambapo mkono huifikia gizani.