Aliyefungwa Anunue Kahawa

Kwa mshindi, mechi ya Simba na Yanga huisha refa anapopuliza kipyenga cha mwisho. Anarudi nyumbani anaimba, analala, yamekwisha. Kwa aliyefungwa ndiyo kwanza inaanza. Itachezwa upya kwa mdomo wiki nzima, kwenye vijiwe vya kahawa vya Kariakoo na Magomeni, kwenye vituo vya bodaboda, ndani ya daladala, mpaka ofisini, ambako bosi wa Yanga anamwita mhasibu wa Simba asubuhi na mapema kwa jambo ambalo wote wawili wanajua halihusiani na hesabu.

Mjadala huo una adabu zake. Hakuna mahali zilipoandikwa, lakini mtoto aliyekulia Dar es Salaam huzijua kabla hajajua kuhesabu pointi za ligi.

Adabu ya kwanza ni kujitokeza. Timu yako ikifungwa, unatakiwa uonekane. Kuingia mitini ni aibu kubwa kuliko mabao yenyewe, na kijiwe kitakuulizia kwa upole wa kinafiki: "Shehe wetu haonekani leo, isije ikawa anaumwa. Twende tukamjulie hali." Wapo wanaozima simu, wapo wanaobadili njia ya kwendea kazini, wapo wanaokumbuka ghafla kwamba wana shangazi Morogoro. Wakirudi siku ya nne wanakuta deni linawasubiri, na limeongezeka. Yule anayekuja asubuhi ileile, akakaa palepale anapokaa siku zote na kuwaagizia watu kahawa, atachekwa, tena atachekwa sana, lakini akishachekwa anapewa nafasi ya kusema. Kahawa hiyo ndiyo kiingilio chake.

Jumatatu ya tarehe 6 Novemba 2023 kiingilio kilikuwa ghali. Siku moja kabla, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga walikuwa wameifunga Simba 5-1. Kilichouma zaidi ni kwamba mpaka mapumziko ilikuwa 1-1. Kennedy Musonda alifunga mapema, Kibu Denis akasawazisha, watu wa Simba wakapumua. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli akafunga mawili, Stephane Aziz Ki akaongeza lake, Pacome Zouzoua akamaliza kwa penalti. Asubuhi yake mjini hapakuwa na haja ya maneno. Mtu wa Yanga alikuwa ananyoosha kiganja tu, vidole vitano vimeachana, anapita zake.

Kwenye kijiwe kimoja jirani na Mtaa wa Msimbazi, fundi cherehani mmoja wa Simba, mtu mzima, alifika muuza kahawa akiwa bado anapepea mkaa. Akaketi kwenye benchi, akavua kofia yake, akaiweka gotini. Muuza kahawa, Yanga wa kuzaliwa, akampangia vikombe vitano mbele yake, kimoja kimoja, bila kusema neno. Fundi akavitazama.

"Jaza vyote, nitalipa," akasema. "Lakini lete na cha sita, ukiweke pembeni. Hicho ni cha mwaka 1977, nyinyi hamjakilipa mpaka leo."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko, wa Yanga wakiwemo, na hapo fundi akawa amerudi mchezoni. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake, na hakuna kipigo kikubwa kuliko hicho kati ya timu hizi mbili. Yanga wao wana 1968, walipoichapa 5-0 Simba ya wakati huo, iliyokuwa ikiitwa Sunderland. Simba nao wana 6 Mei 2012, 5-0, siku ambayo hata kipa wao Juma Kaseja alifunga kwa penalti. Anayetaka kumnyamazisha mtu wa Yanga humtaja kipa huyo kwanza, mabao mengine baadaye. Halafu kuna 20 Oktoba 2013. Yanga waliongoza 3-0 mpaka mapumziko, mechi ikaisha 3-3, na kesho yake waliosawazishiwa ndio walionunua kahawa. Hayo yote yanatunzwa mdomoni. Kijana wa bodaboda aliyezaliwa robo karne baada ya mabao ya Kibadeni atakusimulia la tatu utadhani alikuwa amesimama nyuma ya goli.

Ruhusa ya kuchekana namna hii haikuanzia uwanjani. Wazaramo wana utani na Wanyamwezi, Wangoni wana utani na Wahehe, na kila anayetoka mikoani ana mtani wake. Mtani huja msibani akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akazuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote, akawacheka wafiwa machoni mwao, na ni mwiko kumkasirikia. Aliyefiwa anacheka huku analia, na siku inapita. Dar es Salaam ilikusanya watu wa kila kabila, jirani akawa mtu ambaye babu yako hakuwahi hata kusikia jina la kwao, na ule utani wa asili ukakosa pa kushika. Naamini Simba na Yanga ndizo zilizoziba pengo hilo. Kila mtu mjini akapata mtani, awe ametoka Kigoma au Lindi.

Tena ni utani wa ndugu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata kundi la watu likajitenga, likaunda timu yake, na baada ya kupitia majina kadhaa timu hiyo ikawa Simba mwaka 1971. Makao ya Yanga, Jangwani, na ya Simba, Msimbazi, hayana umbali wa kumfanya mtu apande daladala. Ndiyo maana majina yanavumilika. Wa Simba anaitwa Kolo, zamani aliitwa Mkia. Wa Yanga anaitwa Utopolo, au Chura, kwa kuwa klabu yake iko kwenye bonde ambalo mvua ikinyesha kidogo linajaa maji. Mgeni akisikiliza atadhani watu wanakaribia kushikana mashati. Mipaka ipo, hata hivyo, na inalindwa. Ukiingiza mama wa mtu, au dini yake, au ukimkumbusha kwamba hana kazi, umeshatoka kwenye utani, na watu wa timu yako mwenyewe ndio watakaokwambia ukae chini.

Kicheko kikishatulia, mara nyingi kwenye saa nne, yale magazeti yaliyoanikwa mezani yakiwa yameshasomwa vichwa vyake vyote bila kununuliwa hata moja, unaanza uchambuzi wa waliofungwa wenyewe. Hapa watani husikiliza zaidi kuliko kusema. Lawama humwanza mwamuzi: bao lile lilikuwa la kuotea, penalti yetu tumenyimwa, wenzetu wanabebwa kwa mbeleko. Kwa siku kama ile ya 5-1 hoja hiyo haifiki mbali, kwa kuwa marudio ya runinga kila mtu ameyaona kwenye kibanda umiza, kwa hiyo inahamia haraka kwa kocha. Kwa nini kamtoa fulani? Kwa nini kampanga yule namba isiyo yake? Kwenye kijiwe kila mtu ana leseni ya ukocha, na mwenye kauli nzito kuliko wote huwa ni yule aliyewahi kucheza ndondo akaumia goti. Kutoka kwa kocha wanaingia wageni wanaolipwa fedha nyingi, ambao watu wanataka waagwe dirisha dogo likifunguliwa; kutoka kwa wageni wanafika kwa viongozi, walioila hela ya usajili.

Mwisho kabisa, sauti zikiwa zimeshuka, inatajwa kamati ya ufundi. Hapo hazizungumzwi mbinu za kushambulia kwa pembeni, yanazungumzwa mambo ya waganga. Klabu zote mbili zimewahi kutozwa faini kwa kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi, na kijiwe kinajua ule mlango rasmi uliogopwa kwa nini. "Siku ile tuliingilia wapi?" mtu anauliza. Anajibiwa kwa kutikiswa kichwa.

Sikiliza mjadala huu mara nyingi uwezavyo, utaona kuna mmoja ambaye hatajwi kamwe. Ni klabu yenyewe. Lawama zinamfikia kila anayeweza kuondoka: refa atapangwa mechi nyingine, kocha atapanda ndege, mchezaji atauzwa, kiongozi ana muhula wake. Shabiki hana pa kwenda. Watu hapa nchini wamebadili vyama, wamebadili dini, wamehama mikoa, lakini mtu wa Simba kuhamia Yanga ni habari ya kusimamisha mji. Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba, alipokwenda Yanga mwaka 2021, vijiwe vililizungumza jambo hilo mpaka sukari ikaisha kwenye kashata. Wapo wa Simba waliojifariji kwamba baba yake, Sunday Manara, alikuwa nyota wa Yanga miaka ya 1970, kwa hiyo mtoto amerudi kwao tu. Ilibidi ipatikane sababu ya damu. Bila hiyo, kuondoka kwake kusingeeleweka.

Mimi utaratibu huu naupenda, ila pana mahali unaponishinda. Ni pale lawama inapogeuka tuhuma. Maneno "ameuza mechi" hutamkwa kirahisi mno vijiweni, na karibu kila mara humwangukia kipa, kwa sababu kosa la mshambuliaji linasahaulika dakika hiyohiyo na la kipa linaandikwa kwenye ubao wa matokeo. Siku ya 5-1 golini kwa Simba alikuwepo Aishi Manula, aliyekuwa ametoka kwenye majeraha ya miezi mingi. Mtu anayejua mpira angeuliza kama alikuwa ameshapona vya kutosha kuanzishwa mechi kubwa kiasi kile. Wengi hawakuuliza hivyo. Mtani mwema msibani hamwambii mfiwa kuwa ndiye aliyemuua marehemu. Kwenye mpira tumeusahau mpaka huo, na anayeumia ni mtu mwenye mke na watoto wanaokwenda shule na watoto wetu.

Kocha angalau analipwa akiondoka. Siku mbili baada ya kipigo kile Simba ikaachana na Roberto Oliveira, maarufu Robertinho. Upande wa pili Miguel Gamondi, Muargentina aliyeipa Yanga zile tano, akawa mtu wa kupigiwa magoti Jangwani, na msimu ukaisha na ubingwa. Oktoba 2024 akaifunga Simba tena, 1-0. Kisha ikaja wiki moja ya Novemba, mwaka huohuo. Yanga wakafungwa na Azam 1-0, halafu Tabora United wakawafunga 3-1, na vijiwe vya Yanga vikafungua faili upya. Niliyasikia maneno yaleyale ya mwaka uliotangulia yakitoka midomo mingine: mbinu zimeshajulikana, wachezaji wamemchoka, fulani hapangwi kwa chuki. Safari hii fundi cherehani alikuwa anakunywa kahawa ya kununuliwa. Tarehe 15 Novemba Gamondi akaachwa. Ulikuwa umepita mwaka na siku kumi tu tangu zile tano.

Kwenye saluni za kina mama mjadala ni mkali zaidi, maana mtani wa mwanamke mara nyingi ndiye mumewe, na kahawa hailipi deni la nyumbani. Vijana nao wameleta mkeka. Siku hizi unamkuta wa Simba ameweka fedha Yanga washinde, eti "nikifungwa angalau nile." Wazee hawajajua wamfanyeje. Amefungwa, kwa hiyo anunue kahawa; ameshinda, kwa hiyo anywe. Nimewahi kuona kijiwe kikibishana juu ya mtu wa namna hiyo kwa muda mrefu kuliko walivyobishana juu ya mechi, mwishowe wakamwamuru anunue kahawa na kashata juu, na asichangie neno lolote katika uchambuzi, kwa kuwa uchungu hakuwa nao.

Novemba 2025 Shirikisho la Soka likamkabidhi timu ya taifa, Taifa Stars, kwa muda, Miguel Gamondi huyohuyo. Wa Simba ikabidi wamwite kocha wetu. Wa Yanga, walewale waliohesabu siku mpaka aondoke, wakaanza kueleza vijiweni kwamba wao walijua siku zote, na kwamba waliomfukuza walikuwa viongozi.