Miezi Tisa Bila Kukaa? Usisubiri: Nguvu za Kiwiliwili Tangu Utotoni Hadi Uzeeni

Mtoto anapokaa bila kushikiliwa, misuli ya shingo, mgongo, tumbo na kiuno hufanya kazi kwa pamoja ili asianguke. Misuli hiyo hiyo ndiyo humwinua mkulima aliyeinama shambani na nyanya anayetaka kusimama kutoka kitini. Wakazi wanashauriwa kuijenga mapema, kuitunza maishani, na kutafuta matibabu bila kuchelewa inapokosa nguvu.

Miezi ya kwanza

Nguvu za mtoto hujengeka kutoka juu kwenda chini: kwanza shingo, kisha mgongo, halafu kiuno. Ndiyo maana mtoto anapaswa kulazwa kifudifudi akiwa macho na akitazamwa na mtu mzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unapendekeza angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa kidogo kidogo, kwa mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa. Wakati wa usingizi, mtoto alazwe chali.

Viwango vya WHO vya mwaka 2006 vinaonyesha kuwa watoto wengi wenye afya huanza kukaa bila kushikiliwa kati ya karibu miezi minne na miezi tisa. Mwanzoni mtoto huegemea mikono yake mbele. Mgongo ukipata nguvu, mikono huachiliwa kushika vitu.

Karai, blanketi na shimo

Familia nyingi humketisha mtoto ndani ya karai au katikati ya blanketi. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Charles Super alichunguza watoto wa jamii ya Wakipsigis kijijini Kokwet, ambako akina mama waliwafunza watoto kukaa kwa kuwaweka kwenye shimo dogo ardhini. Watoto hao walikaa takriban mwezi mmoja mapema kuliko wenzao wa Marekani. Hata hivyo, hawakutangulia kutambaa, jambo ambalo hawakufunzwa.

Hivyo mazoezi yana faida, lakini kila hatua huhitaji zoezi lake. Mtoto aketishwe kwa muda mfupi, baada ya shingo kukaza, na asiachwe peke yake. Muda mwingine awe kwenye mkeka, ambapo atajigeuza na kujiinua mwenyewe.

Dalili za kutopuuza

Mara nyingi jamaa humwambia mama, "Atakaa tu, hata babake alichelewa." Ni kweli kwamba watoto hutofautiana, na aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Lakini mtoto apelekwe kituo cha afya iwapo:

- amefikisha miezi minne na shingo bado haijakaza;
- amefikisha miezi tisa na hawezi kukaa bila kushikiliwa;
- mwili wake umekakamaa au umelegea kupita kiasi;
- anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka;
- amepoteza uwezo aliokuwa nao.

Chanzo kinaweza kuwa utapiamlo, matege au mtindio wa ubongo, ambao huweza kutokea mtoto akikosa hewa ya kutosha wakati wa kuzaliwa. Si laana, na mtoto hapaswi kufichwa nyumbani. Ubongo wa mtoto mchanga bado unakua, kwa hivyo mazoezi ya viungo yakianza mapema humsaidia zaidi.

Kwa watu wazima

Mwendeshaji bodaboda, fundi wa nguo na karani hukaa kwa saa nyingi wakiwa wamejikunja, na misuli isiyotumiwa hudhoofika. WHO inapendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Haya hayahitaji vifaa vya kununua:

- Lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu hadi tano, kisha shusha. Rudia mara kumi.
- Piga magoti na kuweka mikono chini, kisha nyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto. Badilisha upande.
- Kaa kitini na usimame bila kujisukuma kwa mikono. Zoezi hili huwafaa sana wazee. Kiti kiegemezwe ukutani.

Mama aliyejifungua, hasa kwa upasuaji, apate kwanza ushauri wa mhudumu wa afya. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na ganzi miguuni, kushindwa kuzuia mkojo, homa au kukonda yanahitaji hospitali mara moja, si mazoezi.

Pa kuanzia

Wazazi waende kliniki na kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, na waombe hatua za ukuaji zikaguliwe, hata kama siku hiyo mtoto ameletwa kwa chanjo tu. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuelekeza familia kwenye kituo chenye mtaalamu wa fiziotherapia.