Kodi ya Shule Ilipwe na Ploti

Mzazi wa Eastlands, Nairobi, anayempeleka mwanawe shule ya umma huambiwa kila Januari kwamba elimu ni bure. Mwezi haujaisha, ameshalipia karatasi za mtihani, masomo ya ziada, mlinzi wa langoni, mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, na pengine dawati. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kumtoza mzazi karo, lakini mwalimu mkuu naye ana hesabu zake. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Ukizigawa kwa miezi tisa ya masomo, unapata kama shilingi 158 kwa mwezi, na humo ndimo mnatarajiwa kutoka vitabu, chaki, maji, umeme na ukarabati wa choo. Pengo lazima lizibwe, na anayeliziba ni mzazi. Kwa hiyo wakazi wa Umoja, Kayole na Dandora wanalipa kodi ya shule tayari, ila hawaitwi walipa kodi. Hutozwa kwa idadi ya watoto: mama wa watoto wanne anayepanga chumba kimoja hulipa mara nne, na mwenye jengo la orofa saba ambaye wanawe wako shule za kibinafsi halipi chochote. Ninachodai ni kwamba mzigo huu uhamishwe kutoka kwa mtoto hadi kwa ardhi, kwa kodi ndogo ya kaunti iliyotengewa shule, na wenyeji waulizwe kwa kura kabla haijaanza kutozwa.

Jiji hili kubeba shule zake si jambo geni. Mwaka 1970, mabaraza ya wilaya yalipopokonywa elimu ya msingi, afya na barabara, Nairobi na manispaa nyingine chache ziliachiwa majukumu hayo. Tume ya kuajiri walimu, TSC, ililipa walimu, na kanjo, yaani baraza la jiji, ikajenga na kutunza madarasa, ndiyo maana wazee wa Bahati na Jericho bado wanaziita shule za kanjo. Swali la pesa ya nani imhudumie nani lina umri mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1920 baraza la manispaa lilitawaliwa na walowezi, nao hawakutaka kodi ya ardhi yao imfaidi Mwafrika. Baraza likajipa haki ya kuuza pombe Pumwani peke yake, na faida ikaingia katika mfuko wa kando wa huduma za Waafrika. Yaani mkazi wa Pumwani alihudumiwa kwa kadiri alivyokunywa. Baada ya uhuru kanjo ilianza kuishiwa. Ile kodi ya kichwa iliyopimwa kwa kipato ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, baraza lenyewe likavunjwa mwaka 1983 na jiji likaendeshwa na tume hadi 1992, na katika miaka hiyo yote kodi ya ardhi ilibaki imelala.

Kulala kwake kunahitaji maelezo, maana hapo ndipo penye pesa. Kwa karibu miaka arobaini Nairobi ilitoza kodi kwa thamani za ardhi zilizoandikwa mwaka 1982. Ploti iliyothaminiwa shilingi 50,000 mwaka huo iliendelea kuhesabiwa hivyo hata mamilioni yalipoanza kutajwa sokoni, na dawa pekee ya kanjo ilikuwa kupandisha kiwango, hadi kikafika asilimia 34 ya thamani hiyo ya zamani. Orodha mpya ilitayarishwa mwaka 2019, na kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.115 ya thamani ya sasa ya ardhi tupu. Neno tupu hapo lina uzito. Tembea Umoja uone: nyumba ya chini ya miaka ya 1970, ukuta wake umebanwa na jengo la orofa saba lililosimama juu ya ploti ya ukubwa uleule. Kaunti hupima ardhi, haipimi jengo, hivyo wenye ploti hizo mbili hulipa sawa ingawa mmoja wao anakusanya kodi ya nyumba kwa wapangaji wengi. Tuchukue ploti ya shilingi milioni 10. Kodi yake ni shilingi 11,500 kwa mwaka. Ikiongezwa sehemu moja ya tano kwa ajili ya shule, mwenye ploti atatoa shilingi 2,300 zaidi. Na thamani hiyo hakuiumba peke yake. Barabara ya Outer Ring ilipopanuliwa, bei ya ardhi iliyo kandokando yake ilipanda bila mwenyewe kuchimba hata msingi.

Mpangaji atauliza upesi: si landilodi atanirushia mimi? Atajaribu. Lakini hata akizirusha zote 2,300 kwa vyumba ishirini, kila chumba kitabeba shilingi 115 kwa mwaka, ambazo hazifikii shilingi kumi kwa mwezi. Zaidi ya hapo, kodi ya nyumba huamuliwa na ushindani wa vyumba mtaani, na kodi inayotozwa ardhi haipunguzi vyumba vilivyoko, kwa hiyo uwezo wa landilodi kupandisha bei una mpaka. La muhimu ni njia ya kukusanya. Tanzania iliamua mwaka 2021 kukata kodi ya majengo kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia. Makusanyo yakawa rahisi, lakini mpangaji anayenunua umeme akajikuta analipa kodi ya mwenye nyumba kisha anamfuata amrudishie. Nairobi isiige hilo. Bili iende kwa mwenye hati.

Pingamizi la pili linatoka Marekani, ambako wapiga kura wa wilaya nyingi za shule huulizwa moja kwa moja kama wakubali kodi ya mali kwa ajili ya shule zao. Matokeo yake hayapendezi kila mahali. Katika kesi ya Rodriguez ya mwaka 1973, Mahakama ya Juu ilionyeshwa wilaya mbili za San Antonio. Edgewood, ya watu maskini, ilijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za mali ikapata dola 26 kwa mwanafunzi. Alamo Heights ilijitoza senti 85 tu ikapata dola 333. Maskini alijibana zaidi akavuna kidogo, na mahakama, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema katiba haijavunjwa. Tukiiga mfumo huo hapa, Karen itajijengea maktaba na Mathare itajijengea kibanda. Ndiyo sababu kodi hii haifai kuwa ya mtaa mmoja. Itozwe jiji zima, Upper Hill na Industrial Area zikiwemo, kisha igawanywe kwa idadi ya wanafunzi. Hapo wanafunzi wengi wa Eastlands wanageuka kuwa nguvu. Na mitaa ambayo kaunti yenyewe ndiyo landilodi, kama Kaloleni na Maringo, haitazuia mtoto wake kupata mgao, kwa kuwa mgao hautategemea ploti ya kwao.

Wanasheria watasema kaunti haina kazi na shule ya msingi. Wana hoja: Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi, mengine ni ya serikali kuu. Hata hivyo madarasa mengi ya chekechea yako ndani ya ua wa shule za msingi, na Kifungu cha 187 kinaruhusu ngazi moja ya serikali kuikabidhi nyingine kazi kwa makubaliano. Mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023, ambapo mtoto hulipa shilingi tano kwa chakula cha mchana, unaonyesha kwamba kaunti ikitaka kuingia shuleni huupata mlango. Wakati huohuo njia nyingine zinayumba. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfuko wa maeneobunge, NG-CDF, uliojenga madarasa mengi ya umma, unakiuka Katiba, na ikataka ukome ifikapo Juni 30, 2026. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti naye alizibana basari za kaunti kwa hoja ya mamlaka. Pesa zinazotegemea hisani ya mwanasiasa hukatika kwa barua moja.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote: wizi. Vijana walioingia barabarani Juni 2024 hadi Mswada wa Fedha ukaondolewa hawakuwa wakipinga hesabu peke yake. Walikataa kulipia kitu wasichokiona. Kwa jambo hili sina hamu ya kuitetea City Hall, makao ya kaunti. Ndiyo maana kodi hii iwe na akaunti yake, kila bodi ya shule ibandike langoni kilichoingia na kilichotoka, na baada ya miaka mitano ife yenyewe isipopigiwa kura upya. Mzazi ataweza kulinganisha tangazo la langoni na hali ya choo cha wavulana. Serikali kuu nayo ianze kulipa. Kwa miaka mingi kaunti imeidai mabilioni kwa ardhi ya umma iliyomo jijini, na ni vigumu kumshurutisha mwenye ploti ya Kayole huku mdaiwa mkubwa kuliko wote akiachwa.

Kura yenyewe ina msingi katika sheria. Kifungu cha 90 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaruhusu kura ya maoni ya kaunti juu ya sheria zake, ombi likitiwa saini na angalau robo ya wapiga kura waliosajiliwa wa eneo linalohusika. Kwa jiji kama Nairobi saini hizo ni nyingi mno, na kwa kuwa sheria hiyo ni ya kitaifa, huenda Bunge la Kitaifa likalazimika kwanza kulegeza kiwango hicho. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Siku hiyo mpiga kura wa Eastlands atakabidhiwa karatasi sita, na gharama ya kumwongezea ya saba ni ndogo kuliko ya kuitisha kura peke yake. Mswada wa kodi hii ukitaka kufika kwenye karatasi hiyo ya saba kwa wakati, wawakilishi wa wadi za Makadara, Kamukunji na Embakasi waulizwe sasa, wakati wanapoanza kurudi mitaani kuomba kura.