Mpox: upele unaoanzia sehemu za siri

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mpox ni ugonjwa wa msituni, wa mtu aliyegusa nyama ya porini. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Mgonjwa wa kwanza aliyejulikana, mtoto mdogo wa Basankusu mwaka 1970, aliishi karibu na msitu. Mwaka 2023 mambo yalibadilika, tena hapa kwetu Kivu Kusini.

Mwezi wa Septemba mwaka huo, ugonjwa ulitokea Kamituga, mji wa dhahabu katika teritware ya Mwenga, jirani zetu. Watafiti walichunguza wagonjwa 108 waliothibitishwa na maabara. Zaidi ya nusu walikuwa wanawake, umri wa kati ulikuwa miaka 22, na 29 kwa mia walifanya biashara ya ngono. Virusi vilikuwa vya aina mpya, iliyopewa jina la Ib, vikipita kutoka mtu hadi mtu, hasa kwa tendo la ndoa. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Sisi tulio na machimbo kama Misisi, ambako vijana huenda na kurudi kila wiki, hatukuwa na sababu ya kudhani kwamba yatapita mbali.

Ugonjwa unaanza namna gani? Baada ya kuambukizwa, mtu anaweza kukaa siku chache hadi 21 bila kuona kitu. Kisha huja homa, kichwa, maumivu ya mgongo na ya misuli, na uchovu mkubwa. Mitoki huvimba shingoni au kwenye kinena, na dalili hiyo husaidia kuutofautisha na tetekuwanga. Upele huanza kama doa, ukainuka, ukajaa maji, kisha usaha, halafu ukoko unaoanguka. Yote huchukua wiki mbili hadi nne.

Mtu aliyeambukizwa kwa ngono mara nyingi huona vipele vya kwanza kwenye uume, uke, kinena, njia ya haja kubwa au mdomoni, pale ngozi zilipogusana. Vinaweza kuwa vichache tu, hata kimoja, tena bila homa. Hapo ndipo tunapokosea: mtu anadhani ni kaswende, ananunua vidonge sokoni na kunyamaza kwa aibu. Kidonda cha kwanza cha kaswende kwa kawaida hakiumi. Cha mpox huuma sana, na mgonjwa anaweza kushindwa kukojoa vizuri. Lakini macho hayatoshi, maana magonjwa hayo mawili yanaweza kukaa katika mwili mmoja. Muuguzi huchukua majimaji ya kidonda kwa maabara. Ni vema kupimwa pia kaswende na virusi vya ukimwi, kwa sababu mwenye ukimwi asiyetibiwa huugua vibaya zaidi.

Na tusimhukumu kila mwenye vipele kuwa mzinzi. Mama anayemwogesha mtoto mgonjwa huambukizwa, na watoto wanaolala mkeka mmoja vilevile. Mke mwaminifu anaweza kuletewa nyumbani. Akiwa na mimba, anaweza kuipoteza. Aende kituo cha afya mapema.

Je, kuna dawa? Dawa ya tecovirimat ilijaribiwa Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru, lakini haikuharakisha kupona kwa vidonda. Hata hivyo, kati ya wagonjwa wote waliolazwa katika utafiti huo, waliopewa dawa na wasiopewa, walikufa 1.7 kwa mia, chini ya kiwango cha kawaida nchini. Kilichowasaidia ni uangalizi: maji, chakula, dawa ya maumivu, usafi wa vidonda. Chanjo nayo ilianza kutolewa Goma mwezi wa Oktoba 2024.

Mgonjwa alale peke yake, nguo na shuka zake zifuliwe mbali, asishiriki tendo la ndoa mpaka ukoko wote uanguke na ngozi mpya iote. Kondomu peke yake haitoshi wakati vidonda vipo, kwa sababu ngozi ya paja na tumbo inagusana pia. Baada ya kupona, wanandoa watumie kondomu kwa wiki 12.